Basari ya shule ya bweni: mwongozo kamili kwa mzazi wa kijijini, kuanzia faili hadi risiti

Malalamiko ni yale yale kila muhula. "Nilijaza fomu, chifu akapiga muhuri, nikaipeleka ofisini, na jina la mtoto wangu halikutoka." Au hili linaloumiza zaidi: "Jina lilitoka, lakini mtoto amefukuzwa karo."

Ukikaa na mzazi wa aina hii mkapitia karatasi zake moja moja, mara nyingi utakuta kuwa kamati haikumkataa kwa sababu haikuamini shida yake. Fomu ilikosa namba ya akaunti ya shule. Jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa halikulingana na lile la shuleni. Hakukuwa na cheti cha kifo. Kwa yule wa pili, hundi ilitoka ikafika shuleni, ila hakuna aliyefuatilia kuona imeingizwa kwa jina la nani.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliye Kenya, mwenye mtoto katika sekondari ya umma ya bweni, awe Gredi ya 10 au kidato cha juu. Ufuate kwa mpangilio. Ukiruka hatua ya pili, ya tano haitakusaidia.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kuchukua fomu

Nunua faili ya plastiki yenye kifungo, ile isiyopitisha maji. Ndani yake weka:

- Nakala za kitambulisho cha mzazi au mlezi, pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja.
- Nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto.
- Barua ya kuitwa shule, kama mtoto ndiyo kwanza anajiunga, au ripoti ya muhula uliopita kama yuko shuleni tayari.
- Muundo wa karo wa mwaka huu, wenye muhuri wa shule.
- Taarifa ya karo inayoonyesha salio, kutoka kwa mhasibu wa shule.
- Namba ya usajili ya mwanafunzi shuleni, pamoja na namba yake ya serikali (UPI, au namba ya tathmini kwa waliopitia mtaala mpya).
- Jina kamili la akaunti ya shule, benki, tawi na namba ya akaunti.
- Cheti cha kifo, kama mzazi mmoja au wote wawili wamefariki. Ikiwa bado hujakipata, weka kibali cha mazishi huku ukiendelea kukitafuta.
- Kadi ya ulemavu au barua ya hospitali, kama mtoto au mzazi ana ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu.

Piga fotokopi tano za kila karatasi. Utaomba mahali zaidi ya pamoja, na matangazo ya basari huja na muda mfupi. Mzazi anayeanza kutafuta fotokopi baada ya tangazo hutumia siku nzima na nauli ya kwenda sokoni na kurudi, wakati mwenzake ameshawasilisha.

Karatasi asili usimwachie mtu yeyote. Anayetaka kuiona aione ukiwa hapo, kisha irudi kwenye faili.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya deni lote

Wazazi wengi huomba "msaada wa karo" bila kujua wanadaiwa kiasi gani. Kamati inapenda kuona pengo lenye tarakimu, na wewe mwenyewe unahitaji kujua ni pesa ngapi utatafuta kwingine.

Viwango vilivyowekwa na serikali kwa shule za bweni za umma ni viwili hasa. Shule za kitaifa na zile za kategoria ya juu katika miji mikubwa mzazi hulipa Sh53,554 kwa mwaka. Shule nyingine za bweni ni Sh40,535. Juu ya hiyo, serikali huwa na mgao wake wa Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na huo huenda moja kwa moja shuleni.

Malipo hugawanywa kwa mihula kwa uwiano wa 50, 30 na 20. Hapa ndipo familia za kijijini hukwama, kwa sababu nusu ya karo yote inadaiwa Januari. Kwa shule ya Sh40,535, muhula wa kwanza ni kama Sh20,268, wa pili Sh12,160 na wa tatu Sh8,107. Januari hiyo hiyo ndiyo mwezi wa sare, godoro, sanduku na nauli.

Chukua daftari uandike safu mbili.

Safu ya kwanza ni pesa za shule: karo ya muhula, salio la zamani, na malipo mengine yoyote shule inayodai. Safu ya pili ni pesa za nyumbani: sare, viatu, godoro, blanketi, ndoo, sabuni, taulo za hedhi kwa msichana, nauli ya kwenda na kurudi, na pesa kidogo za mfukoni.

Zitenganishe kwa sababu basari hulipa safu ya kwanza tu. Hundi huandikwa kwa jina la shule. Hata upate basari kubwa namna gani, haitanunua godoro. Mzazi anayetumia akiba yake yote kulipa karo akitumaini basari itanunua vitu vya sanduku hujikuta na mtoto mwenye risiti ila hana shuka.

Kuhusu taulo za hedhi, sheria ya elimu ya msingi iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017 inampa msichana aliye katika shule ya umma haki ya kuzipata bure. Hazifiki kila shule kwa wakati, kwa hiyo uliza kwa mwalimu anayesimamia wasichana kabla ya kuziondoa kwenye bajeti yako.

Tahadhari. Ukiona kwenye muundo wa karo kuna malipo ya ziada kama "maendeleo", "motisha" au "basi la shule", uliza yaliidhinishwa na nani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka malipo ya ziada yapate idhini ya Waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na inasema mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kuyalipa. Pesa yoyote inayochukuliwa lazima iwe na risiti rasmi. Uliza kwa heshima, ofisini, si mbele ya wazazi wengine.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema kwa sentensi moja: "Muhula huu shule inanidai Sh20,268, nina Sh6,000, na pengo langu ni Sh14,268."

## Hatua ya 2: Linganisha majina kabla hayajakuponza

Hatua hii ni ndogo kwa maelezo lakini imewaangusha watu wengi kuliko nyingine yoyote.

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, barua ya shule, ripoti ya mtoto na kitambulisho chako. Soma jina herufi kwa herufi. Je, cheti kina majina matatu na shule ina mawili? Je, jina la ukoo limeandikwa kwa "y" huku na "i" kule? Je, kitambulisho cha mama kina jina la kwao na cheti cha mtoto kina jina la ndoa?

Anayekagua fomu hamjui mtoto wako. Akiona majina mawili tofauti, kwake hao ni watu wawili, na fomu inaenda kando.

Tofauti ndogo ya herufi, barua ya chifu inayosema kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja huwa inatosha. Tofauti kubwa, tafuta wakili au ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha akuandalie hati ya kiapo. Kosa likiwa kwenye rekodi za shule, mwombe mwalimu mkuu alisahihishe mapema, kwa sababu likishafika kwenye usajili wa mtihani wa taifa kulirekebisha ni shughuli ndefu.

Kama wewe si mzazi bali ni nyanya, mjomba au shangazi unayemlea mtoto, barua ya chifu ieleze hivyo waziwazi: wewe ni nani kwake, tangu lini unamlea, na wazazi wako wapi. Walezi hukataliwa sana kwa sababu karatasi haziwaunganishi na mtoto.

## Hatua ya 3: Chagua milango ya kubisha

Usitegemee mlango mmoja. Basari moja mara nyingi ni elfu chache tu, na pengo lako huenda likahitaji tatu.

NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneobunge lenu. Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Fomu hutolewa ofisini kwa eneobunge, kwa machifu, au kwenye mtandao kwa maeneo yaliyo na mfumo huo. Unaomba mahali familia inapoishi, hata kama shule iko kaunti nyingine. Fomu nyingi huuliza kata na kituo cha kupigia kura. Fahamu kwamba Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sheria ya mfuko huu ni kinyume cha Katiba na kuamuru ukome tarehe 30 Juni 2026, na uamuzi huo ukakatiwa rufaa. Kwa hiyo, kabla ya kuujengea matumaini ya mwaka mzima, uliza ofisini kama fomu za muhula unaokuja zitatolewa.

Basari ya kaunti. Husimamiwa na serikali ya kaunti, kwa kawaida kupitia wadi. Ofisi ya msimamizi wa wadi ndiyo ya kuanzia, na MCA wako (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti) hujua ratiba. Mwaka 2025 kulizuka mvutano baada ya Mdhibiti wa Bajeti kuzitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya taifa kabla ya kutoa pesa hizi, na wengi walisubiri sana. Ndiyo sababu nasisitiza mlango zaidi ya mmoja.

NGAAF, mfuko wa serikali ya taifa wa kuyainua makundi yaliyoachwa nyuma. Hupitia ofisi ya Mwakilishi wa Kike wa kaunti. Huangalia zaidi makundi yaliyo hatarini: yatima, watoto wa wajane, wenye ulemavu.

Basari ya rais kwa yatima na watoto walio katika hali ngumu. Hii ni ya wanafunzi wa sekondari za bweni za umma, na iko chini ya idara ya huduma za watoto. Nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Wazazi wengi hata hawajui kuwa ofisi hiyo inashughulika na karo, wakidhani ni ya kesi za dhuluma tu.

Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Lina msaada wa elimu kwa mwanafunzi aliyesajiliwa kuwa na ulemavu. Usajili ndio huanza, kwa hiyo ushughulikie mapema.

Ufadhili kamili. Huu ni tofauti na basari. Wings to Fly, ulioanzishwa mwaka 2010 na Equity Group Foundation pamoja na Mastercard Foundation, hulipa zaidi ya karo: sare, vitabu, nauli na vifaa. Elimu Scholarship wa Wizara ya Elimu nao ni wa kundi hili. Wakfu wa benki nyingine, kama KCB Foundation, pia hufadhili. Hawa huchukua wanafunzi wanaoingia sekondari, wenye matokeo mazuri na uhitaji wa kweli. Dirisha hufunguliwa karibu na kutoka kwa matokeo, na hufungwa upesi. Mtoto wako akiwa Gredi ya 9 sasa, faili iwe tayari kabla hajafanya mtihani.

Wanaopita mchujo wa kwanza huitwa kwa mahojiano, kisha watu huja kuona nyumbani. Usihamishe kochi kwa jirani, wala usifiche ng'ombe. Wanaokuja wamezoea kuona, na huuliza majirani. Ukikutwa umedanganya jambo moja dogo, hata lililo kweli halitaaminiwa.

Makanisa, misikiti, vyama na ushirika. SACCO ya majani chai, ya maziwa au ya bodaboda huenda ina mkopo wa karo wenye riba ndogo kuliko wa simu. Kamati ya zaka msikitini husaidia wanafunzi. Hapa hakuna fomu nyingi, lakini faili yako ndiyo itakayokutofautisha.

## Hatua ya 4: Barua ya chifu

Chifu au naibu wake ndiye anayethibitisha kuwa wewe ni mkazi na kuwa hali yako ni hiyo unayoisema. Nenda na faili nzima, si kitambulisho peke yake. Chifu mwenye watu elfu kadhaa hawezi kukumbuka kila nyumba, na akiandika kwa kubahatisha atakuandikia barua ya jumla isiyokusaidia.

Barua dhaifu husema: "Mwenye barua hii ni mkazi wa lokesheni yangu na ni maskini. Tafadhali msaidie."

Barua inayofanya kazi husema jambo kama hili: "Ninamfahamu kama mkazi wa kijiji hiki. Ni mjane tangu 2021. Ana watoto wanne, wawili wako sekondari. Hana ajira, analima robo ekari na kufanya vibarua. Mtoto anayeombewa ni wa pili, yuko kidato cha tatu."

Usimwambie chifu cha kuandika. Mwambie tu hali yako kwa mpangilio huo, umwonyeshe karatasi zinazothibitisha, naye ataandika anachoamini.

Sahihi, jina, tarehe na muhuri, vyote vinne viwepo. Barua isiyo na tarehe hurudishwa. Ya mwaka jana pia hurudishwa.

Tahadhari. Fomu ya basari haiuzwi, wala muhuri wa chifu haulipiwi. Ukiombwa "ya chai", unaweza kuomba risiti. Mara nyingi ombi hilo peke yake humaliza mazungumzo. Likiendelea, liripoti kwa ofisi ya naibu kamishna wa kaunti au kwa EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ambao hupokea taarifa bila kutaja jina lako.

## Hatua ya 5: Jaza fomu kama mtu atakayehukumiwa kwa karatasi tu

Chukua fomu mbili, au piga fotokopi ya ile uliyopewa. Jaza nakala kwa penseli kwanza. Ikikaa sawa, hamisha kwenye fomu halisi kwa kalamu ya wino mweusi au wa bluu, herufi kubwa, bila kufutafuta.

Usiache nafasi wazi. Kama swali halikuhusu, andika "Hakuna" au "Halihusiki". Nafasi wazi humfanya mkaguzi afikiri umesahau au umeficha.

Sehemu ya shule hujazwa na shule. Kwa mtoto aliye mbali hii ndiyo sehemu ngumu, maana nauli ya kwenda kupigiwa muhuri inaweza kukaribia nusu ya basari yenyewe. Njia ya kuiepuka ni kuchukua fomu na kumpa mtoto arudi nayo shuleni baada ya likizo fupi, au kupiga simu ofisini na kuuliza kama wanapokea fomu kwa barua pepe, wakaichapisha, wakaipiga muhuri na kuituma. Shule nyingi sasa hukubali. Kagua namba ya akaunti waliyoiandika dhidi ya ile iliyo kwenye muundo wa karo. Tarakimu moja ikikosewa, hundi hurudi.

Sehemu ya maelezo ya hali ya familia ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, kwa sababu hapo wazazi hujidhulumu wenyewe. Wanaandika "sina uwezo" na kuishia hapo. Kila aliyeomba hana uwezo. Kamati inachagua kati ya watu mia kadhaa wasio na uwezo, na kinachokutofautisha ni mambo yanayoweza kuhakikishwa.

Andika mambo manne, kwa mpangilio huu:

1. Nani anamlisha na kumsomesha mtoto, na kwa kazi gani.
2. Kipato kinachoingia kwa mwezi au kwa msimu. Kama ni cha kilimo, sema zao na mavuno ya mwisho.
3. Ni watoto wangapi wengine wako shule, na wanadaiwa kiasi gani.
4. Pengo la muhula huu, kwa tarakimu, na ulichokwisha kulipa.

Mfano: "Mimi ni mama wa watoto watano na ninauza mboga sokoni siku mbili kwa wiki. Napata kama Sh3,500 kwa mwezi baada ya kutoa gharama. Baba yao alifariki 2020, cheti kimeambatishwa. Wawili wako sekondari, wa kwanza anadaiwa Sh9,400 katika shule ya kutwa. Kwa huyu, muhula wa kwanza ni Sh20,268. Nimelipa Sh5,000, risiti imeambatishwa. Pengo ni Sh15,268."

Ona jambo la mwisho: nimelipa. Hata kama ni Sh2,000, lipa kitu kabla ya kuomba na uambatishe risiti. Kamati huwa na moyo zaidi kwa mzazi aliyeanza kubeba mzigo.

Usizidishe. Kusema huna kabisa mapato huku watu wa kamati wanakuona sokoni kila Jumanne kutakuharibia mwaka huu na mwaka ujao. Na usiandike kwa lugha ya kujidhalilisha. Unaomba pesa za umma zilizotengwa kwa ajili ya watoto kama wako.

Umefaulu ikiwa mtu asiyekujua, akisoma fomu yako kwa dakika mbili, anaweza kusema mtoto ni nani, yuko wapi, anadaiwa nini na kwa nini.

## Hatua ya 6: Wasilisha, na uache alama

Peleka fomu wewe mwenyewe, siku kadhaa kabla ya mwisho. Siku ya mwisho foleni huwa ndefu na hakuna wa kukwambia kuwa umekosa karatasi moja.

Omba mpokeaji akague mbele yako. Kisha omba mojawapo ya haya: namba ya fomu, sahihi na tarehe kwenye nakala yako, au jina lako kuandikwa kwenye daftari la mapokezi nawe ukaliona. Kama maombi ni ya mtandaoni, piga picha ya skrini ya uthibitisho na uandike namba kwenye daftari lako, maana simu hupotea.

Fomu iliyopelekwa na mtu wa tatu "aliyekuwa anaenda upande huo" hupotea bila shahidi. Nimeona zikikutwa kwenye dashibodi ya gari muda umeshapita.

## Hatua ya 7: Zungumza na shule kabla majibu hayajatoka

Basari hazifuati kalenda ya shule. Muhula unaweza kufunguliwa na hundi ikatoka wiki kadhaa baadaye. Mzazi anayenyamaza katika kipindi hicho ndiye ambaye mtoto wake hurudishwa nyumbani.

Nenda kwa mwalimu mkuu siku ya kufungua, au piga simu. Beba fotokopi ya fomu iliyopokelewa. Sema umelipa kiasi gani, umeomba wapi, na utalipa nini na lini iwapo basari itachelewa. Kisha yaandike: barua fupi ya ahadi ya malipo, nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo.

Uliza pia kama shule inapokea mazao. Shule nyingi za bweni hununua mahindi, maharage na kuni kwa wingi, na baadhi hukubali mzazi alete gunia likahesabiwa kwenye karo. Kubalianeni bei kabla ya kupakia, iwe kwa maandishi, na risiti itolewe siku ile ile kwa kiasi cha pesa, si kwa "gunia mbili". Kwa familia iliyovuna Desemba, hili linaweza kuziba nusu ya pengo la Januari bila kuuza mahindi kwa dalali kwa bei ya kutupa.

Tahadhari. Usiweke ahadi usiyoweza kuitimiza ili tu mtoto apokelewe. Afadhali Sh1,500 kila mwezi unazozilipa kweli kuliko Sh10,000 "wiki ijayo". Mhasibu hukumbuka.

## Hatua ya 8: Fuatilia hundi hadi iingie kwa jina la mtoto

Jina likitoka kwenye orodha, kazi bado ipo, na wazazi wengi hulegea hapa.

Piga picha orodha iliyobandikwa, ikionyesha jina na kiasi. Andika namba ya hundi kama imetolewa. Uliza: hundi inapelekwa shuleni na ofisi, au mzazi anaichukua? Kama ni wewe, ifikishe mapema, kwa sababu hundi huisha muda wake baada ya miezi sita.

Hundi moja mara nyingi hubeba majina ya wanafunzi wengi wa shule moja, ikiandamana na orodha. Orodha ikipotea, pesa huingia kwenye akaunti ya shule lakini hazijulikani ni za nani. Shule inazo, mtoto anadaiwa, na kila upande unasema kweli. Dawa yake ni picha uliyopiga: mpelekee mhasibu, umwonyeshe jina, kiasi na namba ya hundi.

Baada ya wiki mbili au tatu, omba taarifa mpya ya karo. Basari ionekane kama mstari wake, na salio lipungue kwa kiasi kile kile.

Umefaulu ikiwa una risiti ya shule yenye jina la mtoto na kiasi cha basari. Tangazo, picha mkikabidhiwa hundi kubwa ya karatasi, au ujumbe wa simu, havitoshi.

## Jina lisipotoka

Rudi ofisini ukaulize sababu, kwa utulivu, ukiwa na namba ya fomu. Mara nyingi utaambiwa karatasi gani ilikosekana, na hiyo utairekebisha kwa awamu inayofuata.

Wakikataa kukueleza, una haki ya kuandika barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Uliza mambo mahususi: orodha ya waliopata katika kata yenu, vigezo vilivyotumika, na sababu ya ombi lako kukataliwa. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman. Haitozi ada.

Na jambo moja ambalo wazazi hawapendi kusikia: kama mwaka wa kwanza umeisha, umebisha milango yote, na deni bado linakua kila muhula, kaa na mtoto mzungumzie shule ya kutwa iliyo karibu. Huko gharama za bweni hazipo, na mara nyingi kinachobaki ni chakula cha mchana na sare. Mwanafunzi anayelala nyumbani na kuhudhuria kila siku hujifunza zaidi ya yule wa bweni anayepoteza wiki tatu za kila muhula akisubiri karo. Kabla ya kuhama, hakikisha shule mpya ina masomo anayosoma, kwa Gredi ya 10 hasa mkondo na michanganyiko yake, na uombe barua ya kuondoka pamoja na makubaliano ya maandishi kuhusu salio la zamani.

Kama anabaki bweni, toa karatasi za zamani kwenye faili leo, badilisha taarifa ya karo na barua ya chifu ziwe za muhula huu, piga fotokopi tano nyingine, na uulize ofisi ya wadi tarehe ya awamu inayofuata.